Mjadala: Je, ni halali wakili kuyasimulia maumivu ya mgonjwa kwa sauti ya mgonjwa?

Wakili wa Madai (mleta mada)
Ndugu wanajukwaa, mwaka 1985 huko North Carolina nchini Marekani, wakili John Edwards, ambaye baadaye alikuwa seneta na mwaka 2004 akagombea umakamu wa rais, alitoa majumuisho, yaani hoja zake za mwisho mahakamani, yanayobishaniwa hadi leo. Kesi ilihusu mtoto aliyezaliwa akiwa na mtindio wa ubongo. Edwards alichukua kumbukumbu za mashine iliyofuatilia mapigo ya moyo wa mtoto wakati wa uchungu, akazungumza kana kwamba ndiye mtoto aliyemo tumboni, akieleza saa baada ya saa jinsi hali yake ilivyokuwa ikizorota. Juri, yaani raia wa kawaida wanaoamua kesi, ilitoa fidia ya dola milioni 6.5. Mimi naamini ule ulikuwa utetezi halali. Faili la mgonjwa huyakata mateso yake vipande vipande kwa tarehe, dozi na sahihi, na mtu asiyeyaunganisha tena vipande hivyo hawezi kuwaonyesha waamuzi kilichompata binadamu yule. Sharti langu ni moja, kwamba kila tukio katika simulizi liwe limethibitishwa na ushahidi uliokwisha kupokewa mahakamani.

Daktari wa Uzazi
Mheshimiwa wakili, sharti lako halitoshi, na mfano uliouchagua ndio unaolivunja. Mashine zile zilienea hospitalini tangu miaka ya 1970, upasuaji wa kujifungua ukaongezeka, lakini kiwango cha mtindio wa ubongo hakikushuka kama ilivyotarajiwa, na leo tunajua kwamba visa vingi vya hali hiyo havitokani na kukosa hewa wakati wa kuzaliwa. Kwa hiyo wakili anaweza kutumia mistari halisi ya mashine, asiongeze hata neno moja la uongo, na bado akawaachia juri chanzo ambacho sayansi haikithibitishi. Simulizi hupenda chanzo kimoja na mkosaji mmoja, ilhali mwili wa binadamu hauendi hivyo. Tena niseme wazi: sisi huandika yaliyotokea, ninyi hutunga.

Mwanasheria Chipukizi
Sentensi hiyo ya mwisho siwezi kuiacha ipite. Ati madaktari huandika yaliyotokea! Kila wakili wa kesi hizi anajua kwamba swali la kwanza si faili linasema nini, bali liliandikwa lini. Mifumo ya kompyuta hutunza saa ya kila ingizo na jina la aliyeliingiza, na hapo ndipo huonekana kwamba maelezo ya saa mbili usiku yaliandikwa asubuhi, baada ya mgonjwa kufariki. Huo nao ni utunzi, na ni mbaya zaidi kwa sababu huvaa vazi la ushahidi, wakati majumuisho ya wakili yanajulikana na wote kuwa ni hoja.

Muuguzi wa Zamu ya Usiku
Ndugu Chipukizi, umewatukana watu usiowajua kazi yao. Mgonjwa anapotokwa damu, mikono yangu huwa juu ya mgonjwa, haiwi kwenye kibodi. Maelezo yanayoandikwa baadaye yanaruhusiwa, mradi yaandikwe wazi kuwa yamechelewa, yaonyeshe saa ya tukio na saa ya kuandikwa, na ya awali yasifutwe. Kuchelewa kuandika na kughushi ni mambo mawili tofauti kabisa, nawe umeyachanganya makusudi ili upate mkosaji.

Mwanasheria Chipukizi
Sijamtukana mtu. Nimesema kwamba faili si kioo, na dada yetu ametoka kukiri kwamba huandikwa kwa kukumbuka.

Daktari wa Uzazi
Tusisahau kwamba sheria yenyewe hailipimi jambo hili kwa huruma. Katika kesi ya Bolam ya Uingereza, nadhani ni ya mwanzoni mwa miaka ya 1960, jaji alisema daktari hana hatia ya uzembe akifuata utaratibu unaokubaliwa na kundi la madaktari wenye kuwajibika. Kipimo kikiwa hicho, kilio cha wakili kina kazi gani?

Msomaji wa Hukumu
Bolam ni ya mwaka 1957, na ilisikilizwa mbele ya juri, kwa hiyo maneno hayo maarufu yalikuwa maelekezo ya jaji kwa watu wa kawaida. Mwaka 1997, katika Bolitho, mahakama ya juu kabisa ya huko ilisema kwamba maoni ya wataalamu lazima yawe na mantiki ndipo yamwokoe daktari. Kisha mwaka 2015 ikaja Montgomery, ya mama mwenye kisukari na umbo dogo aliyeeleza wasiwasi wake kuhusu ukubwa wa mtoto, lakini hakuambiwa kwamba kwa mtu kama yeye hatari ya mabega ya mtoto kukwama ilikuwa asilimia 9 hadi 10. Alishinda, na fidia ikawa pauni milioni 5.25. Hebu someni hukumu ile muone uzito waliopewa wasiwasi na chaguo la mgonjwa mwenyewe. Ndugu Daktari anauita kilio, lakini bila masimulizi ya mama yule mahakama isingejua angechagua nini kama angeambiwa.

Kuhusu juri, watafiti Nancy Pennington na Reid Hastie walionyesha tangu miaka ya 1980 kwamba waamuzi hupanga ushahidi katika umbo la kisa hata kama hakuna aliyewasimulia. Ndiyo maana naona mpaka uwekwe mahali pengine. Mahakama nyingi za Marekani humkataza wakili kuwaambia wajumbe wa juri wajiweke katika nafasi ya mgonjwa, kwa kuwa hapo anawaomba waache uamuzi na wawe wadai. Katazo hilo naliunga mkono kwa moyo wote.

Mama wa Mdai
Nimewasoma wote na hakuna aliyemtaja mwenye maumivu. Katika shauri letu, wakili alitaka video ya siku nzima ya mwanangu: akilishwa, akibadilishwa nguo, akiogeshwa. Nilikubali kulishwa, nikakataa kuogeshwa, nikaambiwa ninaidhoofisha kesi. Mnabishana kama juri itadanganyika, mimi nauliza mwanangu ana haki gani juu ya kisa chake.

Wakili wa Madai
Mama, ulikuwa na haki ya kukataa, na wakili hakupaswa kukusukuma. Wakili hufanya kazi kwa maelekezo ya mteja, na video ya namna hiyo huonyeshwa kwanza upande wa pili na jaji, ambaye anaweza kuamuru sehemu ikatwe ikiwa inachochea hisia kuliko inavyothibitisha. Ulishaji peke yake ungetosha kuthibitisha gharama za mtunzaji. Kuogeshwa kusingeongeza chochote ambacho sheria inakilipia.

Muuguzi wa Zamu ya Usiku
Pole sana, mama. Hata hivyo Ndugu Chipukizi bado hajanijibu. Ingizo lililochelewa na likaandikwa wazi kuwa limechelewa, je, utaliita utunzi mbele ya juri, ndiyo au hapana?

Mwanasheria Chipukizi
Nitamuuliza aliyeliandika ni nini kilichomkumbusha, kisha juri ipime.