Wadukuzi wanaharakati: vyombo vya habari vinawapima kwa mizani gani?

Mtoa mada

Wakuu, naleta hoja hii tuijadili bila jazba.

Julai 2023 mfumo wa eCitizen wa Kenya ulikwama. Humo ndimo Mkenya anamoombea pasipoti na leseni ya udereva, huduma zaidi ya 5,000 za serikali. Hata kununua umeme wa tokeni kulisumbua. Kundi linalojiita Anonymous Sudan likajitangaza Telegram kuwa ndilo lililofanya, likidai Kenya inaingilia mambo ya Sudan. Waziri wa TEHAMA wa wakati huo, Eliud Owalo, akakiri kuna shambulio ila hakuna data iliyopotea. Kundi likasema limechukua data za pasipoti.

Mtu aliyepakia picha na kitambulisho chake humo alitaka kujua kitu kimoja tu: taarifa zangu zimeibwa au hazijaibwa? Ili umjibu, lazima kwanza umweleze kwamba kuimwagia seva (kompyuta inayoendesha tovuti) maombi ya uongo hadi izidiwe ni jambo moja, na kuingia ndani ya seva ukachota mafaili ni jingine kabisa. La kwanza linakufungia mlango wa huduma. La pili linaondoka na jina lako, namba yako na tarehe yako ya kuzaliwa. Habari nyingi nilizosoma hazikugusa tofauti hiyo. Zilibandika picha ya mtu aliyevaa sweta lenye kofia, uso gizani, kisha kauli ya waziri, kisha kauli ya kundi, basi.

Tatizo hili si la Nairobi peke yake. Mwaka 2007 kituo cha Fox 11 cha Los Angeles kilirusha taarifa kuhusu Anonymous, wadukuzi wanaoficha majina yao (si lile kundi la Sudan), kikaonyesha gari likilipuka, ilhali hakuna gari lililolipuliwa na kundi hilo. Februari 2012 gazeti la Wall Street Journal likaandika onyo la mkuu wa NSA (shirika la ujasusi wa mawasiliano la Marekani), Keith Alexander, kwamba ndani ya mwaka mmoja au miwili Anonymous wangeweza kusababisha kukatika kwa umeme kwa kiasi fulani. Miaka hiyo ikapita, umeme haukukatwa na Anonymous.

Halafu ikaja Februari 2022, Urusi imeivamia Ukraine. Anonymous wakatangaza vita vya mtandaoni dhidi ya Moscow, tovuti ya RT, televisheni ya serikali ya Urusi, ikazimika kwa kumwagiwa maombi. Mbinu ni ileile iliyotumika dhidi ya PayPal, kampuni ya malipo ya mtandaoni, mwaka 2010, pale ilipowafungia WikiLeaks, tovuti inayochapisha nyaraka za siri, njia ya kupokea michango. Kwa PayPal watu 14 walikamatwa Marekani, na habari ziliwahesabu wahalifu. Kwa RT nyingi zilisimulia kwa furaha. Msimamo wangu: mhariri anaangalia nani kapigwa, haangalii kilichofanyika, na msomaji ndiye anayeumia.

Mchangiaji

Mkuu, waandishi unawaonea. Kundi halina ofisi wala msemaji, na yeyote akivaa kile kinyago cheupe chenye masharubu anakuwa Anonymous. Utamhoji nani? Agosti 2014 kule Ferguson, Marekani, baada ya kijana Michael Brown kuuawa na polisi, akaunti moja kwa jina la Anonymous ilimtaja mtu kuwa ndiye askari aliyefyatua risasi, na hakuwa yeye. Gazeti lililowaamini lingemponza mtu asiye na hatia.

Na hilo la "kumwagia maombi tu" usilifanye dogo. Waendesha mashtaka wa Marekani wanadai Anonymous Sudan walishambulia hospitali ya Cedars-Sinai, Los Angeles, wagonjwa wa dharura wakapelekwa kwingine kwa takriban saa nane. Mwenye mgonjwa ndani ya gari la wagonjwa hana haja ya somo la seva.

Mtoa mada

Ndugu yangu, hospitali hainiachii ubishi, hilo ni ovu. Lakini tazama ulivyolieleza: umetaja jengo, umetaja saa, umesema nani aliumia. Ndicho ninachokitaka kwa kila tukio, hata anayeshambuliwa akiwa mtu nisiyempenda.

Kuhusu nani wa kuhojiwa, hao Anonymous Sudan wana funzo. Mwaka 2023 kampuni za usalama wa mtandao zilisema huenda kundi hilo ni mkono wa Urusi, na vyombo vingi vikabeba dhana hiyo. Oktoba 2024 Marekani ikawafungulia mashtaka ndugu wawili, raia wa Sudan. Hapo hakukosekana wa kuhojiwa. Dhana ilisimuliwa kwa uhakika kuliko ushahidi uliokuwepo.

Mlio kwenye vyumba vya habari, naomba mtujibu humu: habari ya namna hii ikiingia saa kumi jioni, mnampigia nani anayejua mitandao kabla ya kuandika "data zimeibwa"? Na ile picha ya sweta huwa anaichagua nani?