Mama ameambiwa goti lake lipangwe kwa kompyuta kabla ya kubadilishwa. Kuna aliyepitia?

NyumbaUmoja: Habari zenu wanajamvi. Mama ana miaka 67, tunakaa Umoja ghorofa ya nne, lifti hakuna. Siku hizi anashuka ngazi kinyumenyume, mikono miwili kwenye reli. Eksirei imeonyesha gegedu imeisha, mfupa unasaga mfupa. Daktari anataka apigwe siti skani kuanzia nyonga hadi kifundo cha mguu, kompyuta ichore goti, mahali pa kukata papangwe kabla hajaingia thieta. Bei imepanda kuliko ile ya kawaida. Inafaa, ama tunauziwa jina? Ana sukari pia.

MazoeziKwanza: Kazi yangu ni fiziotherapia. Nyonga, goti na kifundo vinatakiwa kukaa kwenye mstari mmoja, ndiyo maana skani inachukua mguu mzima. Kompyuta hupunguza makosa ya kuweka goti upande, hilo ni kweli. Lakini utafiti mwingi uliolinganisha njia hizi mbili umekuta maumivu na mwendo baadaye havitofautiani sana. Msumeno bado uko mkononi mwa daktari. Muulize amebadilisha magoti mangapi mwaka huu.

BabuRuiru: Langu liliwekwa kwa njia ya kawaida: chuma juu, chuma chini, plastiki ngumu katikati. Kesho yake wakanisimamisha, nikalia kama mtoto. Kazi ni kukunja goti kila siku, wiki baada ya wiki. Natembea vizuri, ila kanisani sipigi magoti, nahisi kama niko juu ya kokoto.

ShangaziK: Sukari kwanza! Apimwe ile ya wastani wa miezi mitatu. Ikiwa juu, kidonda huweza kuingia usaha hadi ndani kwenye chuma, na wengi huahirishiwa kwa sababu hiyo. Halafu pateni kwa maandishi SHA, bima ya afya ya serikali, italipa kiasi gani, na kama skani imehesabiwa humo.

NyumbaUmoja: Asanteni sana. Ijumaa tunarudi kliniki, maswali nimeyaandika nyuma ya bahasha ya eksirei. Mama yeye anauliza moja tu: akiruhusiwa, ghorofa ya nne atafikaje?

MazoeziKwanza: Kupanda, mguu usiopasuliwa unatangulia. Kushuka, ule uliopasuliwa. Aanze kuzoea sasa hivi, na awekewe kiti ghorofa ya pili.