Moto wa Ngong unamaliza bunduki kweli?

mdadisi_ke: Wadau, mwaka 2016 serikali ya Kenya ilichoma bunduki 5,250 Ngong, na 2021 zikachomwa nyingine 5,144. Moto wa namna ile unayeyusha chuma? Kama hauyeyushi, mabaki yanafanywaje?

karakana: Hauyeyushi. Mtutu unataka karibu nyuzi 1,500 za Selsiasi, na moto wa wazi ukiwaka vizuri unagusa 1,000 hivi. Kinachokufa humo ni kitako cha mbao, plastiki na springi, ambazo zikishika moto mkali hulegea zisirudi tena. Fremu za alumini nazo huisha, maana huyeyuka kwa 660. Shida ni zile za katikati ya rundo: hewa haipenyi, zinatoka zimeungua juu tu. Rundo likipoa lazima lifukuliwe, kila kipande kikaguliwe, kisha kikatwe au kipelekwe tanuru la kiwanda cha chuma. Moto ni wa kamera zaidi.

mkata_chuma: Hata kukata kuna namna yake. AK ikatwe kwenye chemba (pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa), kwenye mwili pale penye matundu ya pini za kifyatulio, na kwenye bolti, yaani kile kipande kinachoifunga chemba kwa nyuma. Bastola: slaidi (ile sehemu ya juu inayoteleza) pale yanapotokea maganda, halafu fremu. Tumieni moto wa gesi ya kukatia chuma badala ya msumeno. Mkato wa msumeno ni mwembamba, fundi wa kuchomelea anaurudisha. Gesi inakula chuma. Marekani wanataka kila mkato uondoe angalau robo inchi, kama milimita 6. Ila hukohuko zipo kampuni zilizoharibu kile kipande kimoja ambacho sheria inakiita bunduki, vilivyobaki zikaviuza kama vipuri. Ukiacha mtutu na bolti, umeacha bunduki.

stoo_ya_vielelezo: Wizi hutokea kabla ya moto, jamani. Kama bunduki ni kielelezo, kwanza amri ya mahakama kwamba kesi yake imekwisha. Mmoja anasoma nambari ya kila bunduki kwa sauti, mwingine anaweka alama kwenye orodha. Masanduku yanafungwa kwa lakiri na kuhesabiwa tena uwanjani. Zilizofutwa nambari ndizo rahisi kubadilishwa njiani kwa chuma chakavu, kwa hiyo zipewe lebo na picha. Ukiona kwenye orodha "haina nambari" na hakuna kingine, hapo uliza.

mdadisi_ke: Na risasi?

mkata_chuma: Haziingii kwenye rundo hilo kabisa, zinaharibiwa peke yake na wataalamu wa milipuko. Iliyosahaulika chembani hufyatuka kwa joto, na mtutu umeelekea popote.