Sacco tatu ndogo: tuungane kabisa au tugawane mfumo tu?

MwekaHazina_Mlimani
Wadau, habari za kazi. Sacco yetu (chama cha akiba na mikopo) ya walimu na jirani zetu wawili, moja ya wakulima wa majani chai na nyingine ya wafanyabiashara wa soko, zote za kuchukua amana, zinapoteza vijana. Wanataka mkopo kwa simu saa nne usiku, si fomu na foleni. Mfumo wa kisasa wa kompyuta hakuna anayeweza kuulipia peke yake. Baadhi ya wajumbe wanataka tuwe Sacco moja. Mnashauri nini?

FundiMifumo
Msianze kwa kuungana. Kodini mfumo mmoja, lakini kila Sacco iwe na hifadhidata yake na Paybill yake, yaani namba ya kupokea malipo ya simu. Nusu ya gharama igawanywe sawa, nusu kwa idadi ya akaunti hai, la sivyo mdogo ataona anambeba mkubwa. Mkataba useme data ni mali ya Sacco, na anayetoka akabidhiwe yote kwa muundo unaosomeka kwenye mfumo mwingine. Bila kifungu hicho muuzaji amewashika.

Kazi nzito ni kusafisha rejista: kitambulisho, PIN ya KRA (namba ya mlipakodi ya mamlaka ya mapato Kenya), simu iliyosajiliwa kwa jina la mwanachama mwenyewe. Jumla ya akiba za mmoja mmoja ilingane na leja kuu kabla ya kuhamisha chochote. Kisha endesheni mfumo wa zamani na mpya sambamba, mfunge hesabu za miezi mitatu.

Angalieni sana Paybill. Mwanachama akikosea tarakimu moja ya akaunti, pesa huangukia akaunti ya kusubiri, ya pesa ambazo mwenyewe hajatambulika. Ilinganisheni kila jioni. Ikilala wiki, mkopo uliolipwa unaonekana umechelewa, anatozwa faini, wadhamini wake wanapigiwa simu. Mtu huyo hamtamwona tena.

Mkaguzi_Hesabu
Nakubaliana, na naongeza ukwasi, yaani pesa iliyo tayari kutolewa ikihitajika. Januari ya karo, walimu wote hukopa kwa pamoja. Bonasi ya chai huja karibu Oktoba. Kwa hiyo mnaweza kukopeshana kwa zamu, jambo ambalo Sacco tatu za walimu zisingeliweza, kwani zingekauka mwezi mmoja. Wekeni kikomo kwa maandishi. Anayekopesha asishuke chini ya kiwango cha ukwasi cha asilimia 15 kinachotakiwa na SASRA, msimamizi wa Sacco, na anayekopa asivuke asilimia 25 ya mali zake zote kwa madeni ya nje.

Kuungana kunahitaji mkutano mkuu maalum wa kila Sacco, na mtaji wa msingi (fedha zake chenyewe, si amana za wanachama) wa chama kipya ubaki angalau asilimia 10 ya mali zote. Mwenye mikopo chechefu (isiyolipwa) akiingia, mtaji wa wenzake ndio utakaoziba shimo.

MwekaHazina_Mlimani
Asanteni sana. Na mtu anayekopa Sacco mbili kwa wadhamini walewale?

Mkaguzi_Hesabu
Kwa mwalimu, someni payslip: baada ya makato yote theluthi moja ya mshahara lazima ibaki. Mfanyabiashara hana payslip, basi chukueni ripoti ya CRB, wanaoweka kumbukumbu za ulipaji wa mikopo, ya mkopaji na ya kila mdhamini. Mkitaka kupashana habari nyinyi kwa nyinyi, ongezeni ridhaa kwenye fomu ya mkopo, aisaini pia mdhamini; Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawahusu. Fomu za zamani hazina kipengele hicho, kwa hiyo anzeni na mikopo mipya.