Naomba ushauri: mdogo wangu anasoma udaktari China, amechoka

Habari wakuu. Mdogo wangu yuko mwaka wa tano wa MBBS (shahada ya udaktari), Wuhan. Darasani wanafundishwa kwa Kiingereza, lakini wodini wagonjwa wanaongea Kichina tu, tena cha lafudhi ya kwao. HSK 4 (mtihani wa Kichina, ngazi ya nne) kapata, ila kumhoji mgonjwa bado kunampiga chenga. Siku hizi halali vizuri, simu hapokei. Mshauri wa wanafunzi kamwambia apumzike tu (ushauri gani huo!).

Mwaka wa sita ni wa mafunzo kwa vitendo hospitalini. Abaki huko au aombe kuufanyia nyumbani? Mtihani wa Baraza la Madaktari Tanganyika nao unamsubiri. Mliopitia njia hii, mlifanyaje? Na mtaalamu wa afya ya akili anayejua Kiingereza huko anapatikanaje?