Hedi ya 4A juu ya bloku ya 5A, inakubali?

kijana_wa_amani
Asalam aleikum wadau. Nna Corolla 110 ya injini ya Toyota 5A-FE, imechemsha njia ya Makunduchi hedi (kile kipande cha juu ya silinda) ikapinda na fundi anasema ishaskimiwa (kukatwa uso unyooke) zamani, haina pa kukata tena. Sasa Kwerekwe kwenye spea za mtumba nimeona hedi ya 4A-FE bei poa, muuzaji anasema ni kitu kimoja unafunga unaondoka. Kuna mwengine ananishawishi nivishe ya 4A-GE kabisa ipate mbio. Nichukue ipi?

fundi_wete
Waaleikum salaam mdogo wangu. Kukaa itakaa, zote ukoo wa A na mwendo wa pistoni ni ule ule milimita 77, ila tundu la silinda la 5A ni 78.7 na la 4A ni 81, ndo maana moja cc 1498 nyengine 1587. Chemba ya hedi ya 4A (pale mafuta yanapowakia) imepimiwa tundu kubwa, kwa hivo ukiiweka hapo kompresheni (mbano ndani ya silinda) inashuka, gari itawaka lakini haina nguvu. Na gasketi inayoziba kati ya hedi na bloku utaweka ya 4A au ya 5A? Hapo muuzaji humuoni tena.

shababi_20
GE achana nayo kama huna pesa ya injini nzima. Valvu zake za kuingiza na za kutoa zimeachana digrii 50, za FE ni 22.3 tu, hii FE ilitengenezwa ya kubana mafuta. Halafu GE belti inazungusha kamshafti (shafti za kufungua valvu) zote mbili, FE inazungusha moja na ya pili inafuata kwa gia, bado manifoldi, waya, kompyuta... wee!

bi_spana
Mie naona mnasahau kitu. Hata ukipata ya 5A yenyewe geuza utizame njia za maji, hedi hizi aluminiamu na sie watu wa kujaza maji ya kisima ya chumvi kwenye rejeta, yanatafuna mpaka pale inapokaa pete ya gasketi. Ikiwa na mashimo hapo hata ya bure usichukue. Kisha ipime kwa rula ya chuma na fila geji (vibati vyembamba vya kupimia mwanya), ikipinda zaidi ya 0.05 mm iende mashine kwanza.

kijana_wa_amani
Shukran, basi natafuta ya 5A. Nikiagiza Dar?

fundi_wete
Agiza, ila akutumie picha ya upande wa gasketi kabla haijapanda boti. Na ije na kofia zake za kushikia kamshafti, zile hazibadilishani hedi na hedi, ukichanganya kamshafti inakwama.