Mrejesho: yule buibui wa rangi ya chungwa

Wakubwa, asanteni sana. Niliuliza kama naweza kumfuga kihalali yule buibui mwenye manyoya, Pterinochilus murinus, niliyemkuta chini ya makuti huku Kisauni, Mombasa. Nilifuata ushauri wa kwenda ofisi ya wanyamapori kwanza. Sheria ya Kenya ya wanyamapori ya 2013 inamgusa mnyama yeyote wa porini wa asili ya hapa, buibui naye yumo. Maombi nimepeleka, kibali bado.

Basi nikamrudisha palepale. Mbinu ya kumfunika kwa kikombe na kupitisha kadibodi chini yake ili kumbeba ilifeli: alichomoka mbio, akageuka, akainua miguu ya mbele juu, meno meusi nje. Lile koleo refu la kubania mlilosisitiza nitumie ndilo lililoniokoa vidole. Mwenye kutaka kumfuga aanze na kibali, kopo baadaye. Mimi bado namtamani.